Paini inachimbika ukipiga randa? Sogeza kile kichuma cha juu

Umepiga randa ubao wa paini, unateleza vizuri, ukafika kwenye fundo: kraa! Nyuzi zimeng'oka na kuacha mashimo. Kwa macho huoni kitu cha kutisha, lakini ukishapaka vanishi yanajitokeza yote, na mteja wa meza anaanza kudai punguzo.

Sababu ni hii. Karibu na fundo nyuzi hupanda, zikalizunguka, kisha zikashuka. Randa ikikutana na zile zinazoshuka, kisu hakikati, kinabandua. Paini ina tatizo lake jingine pia: kila mwaka wa ukuaji una utepe laini na utepe mgumu. Kisu butu kinaulalia ule laini badala ya kuukata.

Kwa hiyo kunoa kwanza. Kisu kikishindwa kunyoa malaika ya mkononi, rudi kwenye jiwe.

Halafu fungua randa yako ya chuma. Juu ya kisu kuna kichuma kingine kimefungwa kwa skrubu. Mafundi wengi wanakiacha nyuma milimita mbili au tatu, na hapo hakifanyi kazi yoyote. Kisogeze mpaka kibaki kama robo milimita kutoka kwenye makali, yaani uone uzi mwembamba tu wa kisu. Kazi yake ni kulikunja randa mapema, kabla halijapata nguvu ya kung'oa nyuzi zilizo mbele yake.

Utajuaje umepatia? Badala ya kujiviringa, maranda yatatoka yamenyooka. Yakitoka yamekunjamana na randa ni nzito kusukuma, umesogeza mno, rudisha kidogo. Yakikwama chini ya kichuma, basi hakijalala sawasawa juu ya kisu. Kisugue kwenye jiwe hadi mwanga usipite katikati.

Punguza pia kina cha kisu, maranda yawe membamba kama karatasi. Paka mshumaa chini ya randa, utashangaa wepesi wake.

Mwelekeo nao usiusahau. Tazama ubavu wa ubao: mistari ikipanda kuelekea unakosukuma, uko sawa. Ikishuka, geuza ubao. Kwenye fundo, njoo kutoka upande mmoja, inua randa ukilifikia, kisha njoo kutoka upande wa pili.

Kuna wanaomalizia kwa kukwangua na kipande cha kioo. Kwa mninga sawa. Kwa paini, hapana: zile sehemu laini zinaota manyoya.

Na kama shimo limeshatokea? Usilifukuze kwa kuongeza kina, utachimba jingine. Rudisha kisu juu, pitisha mara nyingi kidogo kidogo. Likigoma, malizia na msasa uliofungwa kwenye kipande cha mbao, ukifuata nyuzi.