Msomi na Jembe: Malezi ya Uongozi Kambini

Wazee wa Singida, wanaposimulia ujio wa Wajerumani, hawakosi kumtaja Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyewaongoza watu wake kuupinga utawala wa kigeni mwanzoni mwa karne ya 20. Masimulizi yasema kuwa silaha yake ilikuwa nyuki. Liti hakupita chuo chochote cha vita. Watu walimfuata kwa kuwa aliishi nao, na shida yao ilikuwa yake.

Mataifa mengine huwaandaa viongozi wa jeshi kwa njia ya vyuo. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1862 iliyovipatia vyuo ardhi ilivitaka vifundishe pia mbinu za kijeshi. Mwaka 1916 ukawekwa mpango rasmi wa kuwafunza wanafunzi wa vyuo vikuu wawe maofisa. Mwanafunzi huchanganya masomo yake ya kawaida na yale ya uongozi na ulinzi, na wakati wa likizo ya kiangazi huenda kambini kupimwa kwa vitendo.

Sisi tulishika njia yetu. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, ili vijana wafunzwe kazi, nidhamu na ulinzi. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, jeshi la zamani lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Jina hilo lilibeba shabaha yake: askari asiwe mgeni kwa mwananchi.

Je, msomi naye asiwe mgeni? Swali hilo liliulizwa kwa ukali mwaka 1966, serikali ilipowataka wahitimu wa elimu ya juu walitumikie taifa kwa miaka 2: kwanza kambini, kisha kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti hayo. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawarudisha makwao mamia yao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tukubali kwamba adhabu ile ilikuwa nzito, na kwamba wengi wao walirudishwa chuoni baadaye. Lakini anayewadai wengine kujinyima na kuanza na mfuko wake amekwisha kufundisha nusu ya somo la uongozi.

Kambini nusu ya pili ilifundishwa kwa jasho. Kijana wa Kinyiramba aliamka alfajiri kwa mchakamchaka pamoja na Mmakonde na Mhaya. Walishika jembe lile lile, wakaimba kwa Kiswahili kimoja, wakala chungu kimoja. Kuruta mwenye vyeti vingi hakuwa na mstari wake katika gwaride. Vita vya Kagera vilipozuka mwaka 1978, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa na wanamgambo walikuwa miongoni mwa walioitwa kuilinda nchi.

Historia ya Singida ina mfano mwingine. Jakaya Kikwete, baada ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, alikitumikia chama cha TANU mkoani humo. Baadaye aliingia jeshini, na kati ya 1984 na 1986 alikuwa mkufunzi mkuu wa siasa katika chuo cha maofisa cha Monduli. Alistaafu jeshi mwaka 1992 akiwa Luteni Kanali. Msomi, mtumishi wa vijijini na ofisa walikutana katika mtu mmoja.

Mwaka 1994 mafunzo ya vijana kwa mujibu wa sheria yalisimamishwa. Yakapita karibu miaka 20 ambamo vijana wengi walitoka shuleni wakaingia chuoni na ofisini bila kuonja maisha ya kambi. Mwaka 2013, Kikwete akiwa Rais, yalirejeshwa kwa wahitimu wa kidato cha 6.

Mwalimu, unapowaaga wanafunzi wako wanaokwenda kambini, usiwaambie wanakwenda kujifunza kwata tu. Waambie kwamba siku moja watatia saini amri zitakazobebwa na migongo ya watu wengine. Ni haki yao waujue kwanza uzito wa mzigo huo.