Tarehe ya Wakonzo na Karatasi ya Mtahini

Mwaka 1954, katika zama ambazo mtoto wa Kikonzo aliyeingia skuli za ufalme wa Toro, magharibi mwa Uganda, alisomeshwa kwa Kitoro wala si kwa lugha ya mamaye, mwalimu wa skuli ya msingi aitwaye Isaya Mukirane aliunda pamoja na wenziwe jumuiya ya kuchunguza maisha na tarehe ya Wakonzo. Na katika nchi ile inayoanzia tambarare za Bwera, mpakani mwa Kongo, ikapanda mpaka miteremko ya Ruwenzori, wakawaendea wazee kuwauliza nasaba, mila na habari za waliotangulia, wakiyaandika waliyoyasikia. (Nasema tarehe kwa maana yake ya zamani, yaani historia, kabla hatujaifanya kuwa namba ya kalenda tu.)

Hakuna mtahini aliyewaidhinisha. Na uchunguzi wao haukudumu kuwa elimu tupu, kwani ajuaye nasaba yake hakawii kuuliza mbona anatawaliwa kana kwamba hana. Machi 1962 wajumbe wa Wakonzo na wa majirani zao Wamba walitoka katika baraza la Toro, na haukupita muda mrefu Mukirane alikuwa na ufalme wake wa Rwenzururu huko milimani, wenye makatibu, barua na madaftari, ambao watu wake hawakushuka kwa suluhu ila mwaka 1982.

Watahini walikuwa vyuoni. Huko Makerere, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922 na kufungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, elimu ya juu ilifuata ada ya Kiingereza: mtaka udaktari huandika tasnifu yake, kisha akahojiwa juu ya hiyo tu. Ndiyo njia aliyopita mwanahistoria Bethwell Ogot wa Kenya, huko huko London. Lakini mwanahistoria mwenzake, Isaria Kimambo wa Upare, alisomea Northwestern, Marekani, na ada ya huko ni nyingine: kabla ya kuruhusiwa kugusa tasnifu, mwanafunzi hupewa orodha ndefu za vitabu katika fani kadhaa, akavisoma kwa miezi, kisha akakaa na karatasi kuwaonyesha walimu kwamba anajua nani amesema nini, nani kampinga, na kwa hoja gani. Anayedhani ni mtihani wa kukariri miaka hajauona. Miaka anayo hata mtoto wa sekondari.

Ada hiyo iliingia Makerere mwaka 2012, pale taasisi ya utafiti wa jamii, chini ya Mahmood Mamdani, ilipoanzisha shahada ya uzamivu yenye masomo ya darasani kwanza, mtihani wa jumla baadaye, tasnifu mwisho. Wako walionung'unika kwamba ni mzigo. Mimi siwaafiki, kwa kuwa mtu akikurupuka kuandika juu ya Kasese, wilaya ya hao Wakonzo, bila kusoma ya wenziwe hurudia yaliyokwisha semwa, na vibaya zaidi. Lakini nina neno juu ya hizo orodha. Tangu mwanahistoria Jan Vansina alipochapisha mwaka 1961 kitabu chake juu ya simulizi za mdomo kama ushahidi wa historia, haimstahiki tena mtahini kudharau kauli ya mzee, na Arthur Syahuka-Muhindo aliandika juu ya harakati za Rwenzururu tangu mwaka 1991. Hivyo mwanafunzi wa Bwera akiingia chumba cha mtihani akiwa amesomeshwa mijadala ya mapinduzi ya Ufaransa, asiulizwe hata mara moja juu ya mjadala wa milima aliyozaliwa chini yake, kosa si lake, ni la aliyeipanga orodha.

Na orodha haipangwi kwa yaliyofichika. Kwa hiyo, msomaji wa Kasese au wa Bwera, au hata wewe wa ng'ambo kwa ndugu zetu Wanande, kama babu yako alikuwa katibu wa Rwenzururu siku zile na daftari lake limo sandukuni, usilifanye karatasi ya kufungia maandazi pale sokoni Mpondwe. Mwonyeshe mwanafunzi atakayekuja kubisha hodi, naye alinakili hapo hapo kwako, kisha akurudishie mkononi.