Kombe na Sindano: Degedege katika Nyumba za Pwani

Katika miji ya Mrima na visiwa vyake, tangu Pangani na Bagamoyo hata Unguja, yalikuwako maradhi ya watoto ambayo wazazi waliyaogopa mno, nayo ni degedege: mtoto aliyeamka salama na kucheza uani huchemka mwili ifikapo alasiri, macho yakapinduka, meno yakaumana, viungo vikakakamaa na kutetemeka, na pengine kabla ya adhana ya isha akawa amekwisha kufariki. Wengi walisadiki kwamba ni kazi ya shetani mwenye umbo la ndege, arukaye usiku, ambaye kivuli chake kikimpata mtoto humdhuru. Kwa hiyo wapo waliomfukiza mgonjwa kwa kinyesi cha ndovu ili kumfukuza shetani huyo.

Nyumba ya wacha Mungu ilikuwa na njia yake. Baba alikwenda mbio kwa mwalimu wa chuo, naye akatwaa sahani nyeupe ya kauri, akachanganya zafarani na marashi, akaandika kwa kalamu ya mwanzi aya za shifaa, kisha akaziosha kwa maji safi, na maji hayo ndiyo kombe. Mtoto akanyweshwa kidogo kidogo, yaliyobaki akapakwa kifuani na usoni. Baadaye akavishwa hirizi iliyoshonewa ngozini, na jamaa wakatoa sadaka, au wakasoma Halbadiri usiku kucha.

Sipendi kuwasikia watu wa leo wakiyataja haya kwa dharau. Wazee wale hawakuwa wajinga wa kutazama. Degedege nyingi huletwa na homa kali tu, nazo hukoma zenyewe baada ya dakika chache; basi mama aliyemwona mwanawe akitulia mara baada ya kombe alikuwa na ithibati mbele ya macho yake. Lakini ile nyingine, itokanayo na malaria iliyopanda kichwani, ambayo vijidudu vyake huziba mishipa midogo ya damu katika ubongo, haikutulia. Na mtoto wa namna hiyo alipofikishwa hospitali siku ya pili au ya tatu, roho ikiwa imefika kooni, alidungwa sindano akafa papo hapo. Jirani waliona sindano, wakaona mauti, na hofu ikaenea kwamba mwenye degedege akidungwa haponi. Hofu hii, kwa yakini yangu, imeua watoto wengi kuliko kombe, maana kombe halikumzuia mtu kwenda kwa tabibu, wala dini haikumkataza: Mtume mwenyewe aliwahimiza watu wajitibu.

Tena matabibu hawakukosekana kabisa. Mwaka 1887 tajiri Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la zahanati katika Mji Mkongwe wa Unguja, akafariki mwaka 1891 kabla jengo halijakwisha; naye Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali za Bagamoyo na Dar es Salaam, akafariki mwaka 1897, mwaka ule ule ambao Ronald Ross alivumbua huko Bara Hindi kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu.

Hata hivyo miaka ikapita karibu mia moja, na utafiti wa Wilaya ya Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ukakuta kwamba degedege ingali ikihesabiwa kuwa maradhi mbali na malaria, na wazazi wengi wakianzia kwa mganga. Dawa nayo ilibadilika: mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio la kulinganisha sindano ya artesuneti na ile ya zamani ya kwinini, lililowahusisha watoto 5,425 wa nchi za Afrika, wakiwamo wa Korogwe, Muheza na Kilifi, ambamo kati ya waliotibiwa kwa kwinini walikufa 10.9 katika kila mia, na kati ya waliotibiwa kwa artesuneti 8.5. Sindano iliyoogopwa imekuwa bora kuliko zamani, lakini faida yake hupungua kwa mtoto aliyecheleweshwa.

Kwa hiyo nawaomba wauguzi wa pwani wasimkemee mama aingiaye wodini na mtoto mwenye hirizi shingoni, wala wasiikate. Mshipa wa kudungwa u mkononi, na shingo haina kazi katika tiba ile. Mama asiyefedheheshwa atamleta ndugu yake mtoto huyo mapema, siku ya kwanza ya homa.