Mkuki wa Otenyo bado unasubiri mwandishi

Januari 1908, Mwingereza Geoffry Northcote alichomwa mkuki mgongoni akiwa safarini Kitutu, katika nchi ya Wagusii magharibi mwa Kenya. Alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni, na Wagusii walimwita Nyarigoti. Aliyemchoma ni Otenyo Nyamaterere. Northcote alipona, akapanda vyeo hadi akawa gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Otenyo alikamatwa, akauawa.

Si mara ya kwanza damu kumwagika huko. Mwaka 1905 msafara wa kijeshi ulikuwa umeshapita Gusii na bunduki ya rashasha, watu wa mikuki wakalala chini kwa wingi. Ule wa 1908 ulikuja kulipiza kisasi cha Northcote: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, watu wakauawa kwa mamia. Taarifa zilipofika London, Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, aliandika kuhoji kama kulikuwa na haja ya kuendelea kuwaua kwa wingi namna ile watu wasio na kinga. Mtu yule hakuwa adui wa himaya. Hata yeye alishtuka.

Maandishi ya maafisa yanahesabu ng'ombe na risasi. Masimulizi ya Wagusii humweka mbele mwanamke aitwaye Moraa, mtabiri na mganga, jamaa yake Otenyo, aliyewatia vijana hamasa na kuwakejeli wanaume walioiogopa bunduki. Wazee husimulia pia kwamba Otenyo alikatwa kichwa kikapelekwa Uingereza, na jamii imekuwa ikidai kirudishwe. Kabla yao alikuwepo Sakawa, mtabiri anayesimuliwa kuwa aliona ujio wa wageni na mji utakaojengwa Getembe, ambako leo ni Kisii. Haya yote yamehifadhiwa midomoni mwa watu, katika hadithi za jioni na nyimbo za obokano, ala ya nyuzi ya Wagusii.

Mtabiri, kijana, mgeni mwenye bunduki, mwili uliozikwa bila kichwa: hiyo ni riwaya iliyokwisha kujipanga. Lakini fasihi ya Kenya kuhusu ukoloni imeegemea sana Mlima Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o alitupa Weep Not, Child mwaka 1964 na A Grain of Wheat mwaka 1967, kisha yeye na Mĩcere Gĩthae Mũgo wakaandika The Trial of Dedan Kimathi. Ni kazi kubwa, nami siwapunguzii chochote. Ila mwanafunzi wa Nyamira, huko Gusii, humaliza sekondari akimjua Kimathi, huku Otenyo akimjua kwa jina tu, kama anamjua.

Tanzania ilishaonyesha njia. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile, tamthilia ya Kiswahili kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, miaka ya karibu na ile Gusii ilipochomwa moto. Hussein hakujifunga kwenye kumbukumbu za vita. Alimpa Kinjeketile mashaka: kiongozi anayetambua kwamba imani aliyoizaa, kwamba maji yangezuia risasi, imemtoka mikononi. Historia inaweza kutuambia maji hayakuzuia risasi. Inahitaji mwandishi kutueleza uchungu wa mtu aliyeyatoa.

Moraa naye anastahili kuulizwa kuhusu uchungu wake. Je, alilala vipi usiku ule moto ulipoenea Kitutu na jirani zake wakaanza kulaumu mkuki badala ya bunduki? Aliwaambia nini akina mama waliopoteza mifugo, yaani mahari, chakula na heshima ya mji? Hakuna taarifa ya afisa yeyote itakayojibu. Mwandishi anayekijua Ekegusii na anayeandika Kiswahili anaweza kujibu, na anapaswa kuwahi: wale waliosikia kisa hiki kutoka kwa waliokiona kwa macho wanazidi kutuacha. Aanze na huyo mwanamke, Northcote aje baadaye.