Tundu Moja, Soketi Nyingi: Historia Fupi ya Viunganishi vya Sauti

Leo tunaweka kando programu na hifadhidata ili tuzungumzie mabati. Wengi wetu tunaoshinda mbele ya tarakilishi huwa na mradi wa pembeni: amplifaya ya sebuleni, kisanduku cha kugawa sauti kanisani, au kicheza muziki cha kujiundia. Saketi ikishakubali kufanya kazi, linakuja swali gumu: nitoboe wapi, na tundu la ukubwa gani? Bamba la chuma halina Ctrl-Z. Ukishatoboa, umetoboa.

Cha kuchekesha ni kwamba majibu ya swali hilo yalianza kuamuliwa zaidi ya miaka 140 iliyopita, tena na watu ambao hawakuwa na habari na muziki.

Jeki, urithi wa simu

Twende New Haven, jimbo la Connecticut huko Marekani, Januari 1878. George Coy alifungua kituo cha kuunganisha simu kilichohesabiwa kuwa cha kwanza cha biashara, kikiwa na wateja 21. Ubao wake aliuunda kwa boliti za magari ya farasi, vishikio vya vifuniko vya birika na waya zilizotumika kutunisha magauni ya akina mama. Kwa lugha ya nyumbani, hiyo ilikuwa kazi ya jua kali, na kwa namna hiyo biashara ya kuunganisha simu ikaanza.

Kituo kikipata wateja wengi, ubao wa namna hiyo hautoshi. Charles Scribner, mhandisi wa kampuni ya Western Electric, alibuni swichi ambayo kipande chake cha chuma kilifanana na kisu cha kukunja, kile Waingereza hukiita "jackknife". Huko ndiko jina "jeki" lilikotoka. Plagi ya robo inchi, yaani milimita 6.35, ikawa kifaa cha kazi cha wanawake waliokaa kutwa nzima wakichomeka na kuchomoa.

Plagi hiyo ndiyo ile ile unayoichomeka kwenye gitaa leo. Soketi yake ina shingo yenye hesi ya inchi tatu kwa nane, takriban milimita 9.5. Unatoboa tundu moja la mviringo, unapitisha shingo, unakaza nati, kazi imekwisha. Hakuna skrubu za pembeni wala kukata pembe. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya jeki kudumu kwenye vifaa vya kujiundia: mtu mwenye drili ya mkono na tupa anaiweza.

RCA: rahisi, lakini ina kelele

Miaka ya 1930 shirika la Radio Corporation of America lilitoa soketi ndogo ya kuunganisha kicheza santuri na redio. Jina la shirika likabaki kuwa jina la soketi: RCA. Ilikuwa ya bei nafuu, na iliyofungwa ndani ya kabati la redio haikuhitaji kuchomolewa mara kwa mara. Tatizo lilijitokeza ilipohamia nje. Pini ya katikati hugusa kabla ya pete ya nje, kwa hiyo ukichomeka amplifaya ikiwa imewashwa, spika zinanguruma. Wanaozifunga kwenye bamba la chuma pia hulazimika kuweka washa za plastiki, ili pete isiguse chuma pale ambapo mbunifu hakutaka iguse.

XLR na vita vya matundu

James Cannon alianzisha kampuni yake Los Angeles mwaka 1915. Kutoka kwenye mfululizo wake wa viunganishi vya X, kikaongezwa kifungio, kisha mpira, na hapo tukapata XLR. Kina kitasa kinachozuia kebo kuchomoka mtu akijikwaa, na pini ya 1, ya waya wa kinga, hutangulia kugusa. Kosa la RCA likawa limerekebishwa.

Lakini fundi wa mabati hakupumzika. Soketi dume na soketi jike za zamani zilitaka matundu ya ukubwa tofauti. Ukikosea mpangilio, ukataka kubadili njia ya kuingilia iwe ya kutokea, bamba zima linakuwa chuma chakavu.

Mwaka 1975 ilianzishwa kampuni ya Neutrik katika nchi ndogo ya Liechtenstein. Umbo lake la D ndilo lililotuletea amani: uso wa milimita 26 kwa 31, tundu la milimita 24, na skrubu mbili kwenye pembe zinazotazamana, umbali wa milimita 19 kwa upana na 24 kwa urefu. Dume na jike hutoshea tundu lile lile. Spika ilipopata kiunganishi chake, Speakon, mwaka 1987, kilitengenezwa pia kwa umbo hilo. Baadaye zikafuata soketi za umeme, za mtandao, za USB na hata HDMI, zote katika tundu lile lile.

Sisi watu wa programu tunalijua jambo hili. Tundu la D ni kiolesura. Aliyekata bamba zamani hakuijua HDMI, lakini bamba lake linaipokea leo bila kuguswa. Yaliyo nyuma yanabadilika, mkataba wa mbele unabaki.

Pini ya 1

Kuna somo jingine lililochukua muda mrefu. Kwa miaka mingi watengenezaji waliunganisha pini ya 1 na ubao wa saketi, si na sanduku lenyewe. Mkondo wa kelele uliokuja na waya wa kinga ukaingia moja kwa moja ndani ya saketi, na watu wakalaumu kebo. Mwaka 1995 Neil Muncy alichapisha makala iliyoonyesha kwamba kosa ni la muundo. Mwaka 2005 chama cha wahandisi wa sauti, AES, kikatoa kiwango cha AES48: waya wa kinga uunganishwe na sanduku la chuma, pale pale unapoingilia.

Maana yake ni kwamba sanduku ni sehemu ya saketi. Rangi ni kizuizi cha umeme, na utando ulio juu ya alumini iliyotiwa rangi kwa umeme nao ni kizuizi. Kwangua sehemu soketi inapokaa, chuma kiguse chuma.

Ukienda kwa fundi

Mafundi wa Kamukunji wanaokunja masanduku ya chuma ya wanafunzi wanaweza kukukunjia sanduku zuri. Wapelekee mchoro wenye vipimo vya milimita, na soketi yenyewe mkononi. Matundu yakatwe kabla ya kukunja na kupaka rangi. Biti ya kawaida ikipita kwenye bamba jembamba huacha tundu lenye pembe tatu, kwa hiyo tumia biti ya ngazi, au panchi inayovutwa kwa boliti. Na ukiwa na nafasi, kata matundu mawili ya D zaidi ya unayohitaji, uyazibe kwa vifuniko.

Atakayefungua sanduku hilo miaka 20 ijayo huenda akataka kuweka soketi ambayo bado haijabuniwa. Akikuta tundu la milimita 24, hatahitaji drili.

Haya, kwa leo ni hayo. Tukutane wiki ijayo, turudi kwenye programu.