Roki Ilipoongea Kiswahili

Ukimwuliza kijana wa mjini roki ni nini, atakujibu ni makelele ya Wazungu wenye nywele ndefu. Ukimwuliza tena kama Tanzania nayo iliwahi kupiga roki, atacheka akidhani unamtania. Hapa Singida jibu huwa fupi zaidi. Neno lenyewe kwa Kiingereza ni mwamba, na miamba tunayo tele, imelala kando ya ziwa Singidani na nyuma ya nyumba za watu, mijusi ikiota jua juu yake.

Utani kando. Kuna santuri moja inayomaliza ubishi huo. Inaitwa Ave Africa, ya bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam, iliyotoka mwaka 1976. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London iliitoa upya, ikaiongezea nyimbo nyingine ambazo vijana wale walizirekodi kuanzia 1973, zikiwemo za studio za Radio Tanzania. Mimi nimeisikiliza toleo hilo jipya kwenye simu, wimbo kwa wimbo kadiri bando lilivyoruhusu, na nathubutu kusema kwamba ni sehemu ya historia yetu ambayo hatukufundishwa kidato chochote.

Ili uielewe, msomaji, lazima turudi nyuma kidogo. Desemba 10, 1962, Mwalimu Nyerere, akiwa ndio kwanza amekuwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba ile alisikitika kwamba wengi wetu tunajua kucheza rumba, chachacha, rokenrol na twisti, lakini ni wangapi wanaoijua gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama? Zingatia hapo. Jamhuri ilikuwa na umri wa siku moja, na tayari roki ilikwisha kutajwa, ikawekwa upande wa vitu tulivyolishwa na mkoloni. Kwa miaka mingi iliyofuata, kijana aliyebeba gitaa la umeme alikuwa kama mtu anayepaswa kujieleza: wewe ni wa kwetu au wa kwao?

Mambo yalizidi kupamba moto mwishoni mwa muongo ule. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi, suruali za kubana na mikorogo ya kujichubua vikapigwa vita. Novemba mwaka huohuo uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule uliibeba Dar es Salaam pia, ukapiga marufuku muziki wa soul katika jiji. James Brown akaonekana mtu wa hatari! Sasa mtu angetegemea kwamba vijana wa Dar wangetia gitaa kabatini. Badala yake, mwaka 1970 ikazaliwa Sunburst.

Hapo ndipo penye utamu wa habari hii. Vijana hawa, akina James Mpungo aliyekuwa mwimbaji na Hembi Flory Kongo aliyepiga gitaa, hawakuiga tu. Walichukua gitaa lenye sauti ya kukwaruza na kinanda cha umeme, wakavitia katika desturi ambayo kila mpenzi wa dansi wa nchi hii anaijua, nayo ni desturi ya mtindo. Bendi ya Tanzania bila mtindo haikuwa bendi. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz Saboso, Dar es Salaam Jazz Mundo, Tabora Jazz Segere Matata, na Patrick Balisidya na Afro 70 yake walikuwa na Afrosa. Sunburst nao wakauita wao Kitoto. Mimi nalipenda sana jina hili. Mtu mzima akitaka kukudharau husema hayo ni mambo ya kitoto. Basi wao wakajiita hivyohivyo kabla hawajaitwa. Nani tena angewaambia nini?

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba roki ya Kiafrika ni nakala ya Jimi Hendrix. Nakala haihitaji jina la mtindo. Tazama hata majina ya nyimbo zilizomo katika toleo hili: Simba Anguruma, Enzi za Utumwani, Black Is Beautiful. Mgeni akiyasoma atadhani ni mchanganyiko wa ovyo, Kiswahili hapa, Kiingereza pale, na Kilatini juu ya jalada. Lakini Dar ya miaka ile ndivyo ilivyokuwa. Wapigania uhuru wa Msumbiji, wa Angola na wa Afrika Kusini walikuwa wakipita mitaa ileile, na Wamarekani weusi walikuja kuitazama nchi ya ujamaa. Mwaka 1974 Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lilifanyika pale Chuo Kikuu. Kuimba habari za utumwa kwa gitaa la umeme lilikuwa jambo la kawaida kabisa katika mji kama huo. Ila nikiruhusiwa kutoa hukumu yangu, zile za Kiingereza hazinishiki kama za Kiswahili. Katika Kiswahili sauti inatua mahali pake.

Sasa tuje kwenye swali linaloniuma. Kwa nini santuri ya bendi ya Dar ilitengenezwa Zambia?

Jibu ni la kiuchumi kuliko la kisanaa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi ikirekodi, ilirekodi Radio Tanzania, pale Barabara ya Pugu, bendi nzima kwa mpigo mbele ya vipaza sauti vichache, na kanda ikabaki mali ya redio. Aliyetaka sahani ya kuuza alikwenda Nairobi. Na huko nako kilichotoka kwa kawaida ni sahani ndogo za mizunguko 45, zenye nafasi ya dakika tatu nne kila upande, hivyo wimbo wa dansi ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Mwanamuziki wetu alizoea kufikiri kwa wimbo mmoja mmoja. Santuri ndefu, yaani kazi nzima ya bendi moja iliyopangwa kama kitabu kilivyo na sura zake, ilikuwa kitu adimu. Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na mlango wa Nairobi nao ukawa kama umetiwa komeo.

Pia usisahau nani alimiliki magitaa. Bendi kubwa nyingi zilikuwa za vyama, mashirika na majeshi: NUTA ya wafanyakazi, Polisi, Magereza, JKT. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara na vyombo vya mwajiri. Mfumo huu tunausifu, nami nausifu, maana ndio uliotupa nyimbo ambazo hadi leo zinapigwa harusini. Lakini ulikuwa na gharama yake. Shirika gani lingeagiza kwa fedha za kigeni gitaa la kukwaruza kwa ajili ya vijana wanaojiita Kitoto?

Zambia mambo yalikuwa tofauti. Kulikuwa na shaba, kulikuwa na miji ya migodi iliyojaa vijana wenye mshahara, na Rais Kaunda alikuwa amesisitiza redio ipige muziki wa nyumbani. Hapo ikachipuka roki iliyokuja kuitwa Zamrock: kundi la WITCH, Amanaz waliotoa santuri yao Africa mwaka 1975, Rikki Ililonga na wenzake wa Musi-O-Tunya, Paul Ngozi. Dar na Zambia walikuwa wamefungwa pamoja kwa barabara kuu, kwa bomba la mafuta tangu 1968, na kwa reli ya TAZARA iliyokabidhiwa rasmi 1976, mwaka uleule wa Ave Africa. Bei ya shaba ilikuwa imekwisha kuporomoka na raha ile haikudumu, lakini kwa muda mfupi kusini kulikuwa na kila kitu ambacho roki inahitaji. Sunburst wakazifuata fursa zilikokuwa.

Turudi kwenye toleo jipya. Kitu kikubwa lilichofanya ni kuziweka nyimbo za redio na za santuri ndani ya jalada moja. Kwenye santuri unasikia bendi iliyokusudia kuuza na kusafiri. Kwenye kanda za redio unasikia vijana waliosimama karibukaribu chumbani, kila mmoja akimsikiliza mwenzake asije akamkwaza, maana hakuna kurekebisha baadaye. Nikiambiwa nichague, nitachukua za redio. Zina jasho.

Kwa watu wa vitabu, jambo la toleo jipya si geni. Shaaban Robert alifariki 1962 na bado anachapwa, bado mwanafunzi anampata dukani. Kwa muziki wetu ni tofauti kabisa. Santuri ikikwaruzika imekwisha, na kanda ya redio hukaa stoo ikisubiri mtu aikumbuke. Aliyeikumbuka Ave Africa alikuwa London. Simlaumu, namshukuru. Lakini maelezo ya toleo hilo yameandikwa kwa Kiingereza, kwa mnunuzi wa Ulaya anayekusanya santuri za Afrika kama wengine wanavyokusanya stempu. Habari za bendi iliyoimba kwa Kiswahili imebidi nizisome kwa kamusi. Nyie wenzangu mnaoandika hadithi za mapenzi za mijini, ambazo nami naziandika, hamwoni kuna riwaya nzima hapo? Wazee wenye habari hizi wapo. Wengine wamekaa sokoni.

Mmoja wao ni fundi redio hapa Singida mjini. Nilikwenda kwake nikiwa na simu yangu na spika ndogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Imeharibika nini?"

Nikamwambia haijaharibika, nataka asikilize. Akasikiliza nyimbo mbili akiwa ameinamisha kichwa, mkono wenye bisibisi hewani. Nikamwuliza kama anawajua.

"Hawa ni wa Zambia," akasema.

"Ni wa Dar, mzee. Sunburst."

Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba sahani zilikuwa za watu wa mjini. Wao walikuwa na redio, na redio ilikula betri, na betri zikichoka walizianika juani zipate nguvu ya kusikiliza Klabu Raha Leo Show. Alizitaja NUTA na Tabora Jazz kama mtu anayetaja ndugu zake. Kisha akaniuliza hawa walipigwa redioni mwaka gani.

Nikasema walirekodi pale mwaka 1973.

Alikaa kimya kidogo. "Kuanzia hapo mpaka mwaka wa 1974 sisi tulikuwa tunabomoa nyumba tuhamie kijiji cha ujamaa," akasema. "Tumelala nje, mvua inataka kunyesha, mahindi hayana ghala. Betri za nani?"

Sikuwa na la kujibu. Akavuta kiti chake karibu na spika, akapangusa mikono kwa tambara.

"Hebu rudisha ile ya simba."

Nikairudisha. Safari hii aliongeza sauti mwenyewe, na mwenye duka la jirani akatoka nje kuuliza ni bendi gani hiyo. Mzee akamjibu kabla yangu: "Kitoto. Ni ya hapa hapa."