Uteuzi asilia katika protini: mpunga na kirusi cha kimyanga

Protini hujengwa kwa mnyororo wa asidi amino. Jeni inapobadilika, asidi amino moja huweza kushika nafasi ya nyingine. Uteuzi asilia ndio unaoamua, kizazi baada ya kizazi, kama badiliko hilo litaenea au litapotea. Kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini, mfano wa karibu ni kimyanga, ugonjwa wa kirusi unaotia majani ya mpunga madoa na michirizi ya manjano, unaodumaza mche na kujaza masuke mapepe.

Ubaruku, wilayani Mbarali, ni mji unaoishi kwa mpunga. Majaruba ya bonde la Usangu hunyweshwa kwa mifereji, na shamba kubwa la Mbarali lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Humo humo huota mpunga pori, *Oryza longistaminata*, ambao wakulima huuona kama gugu tu; kwa kirusi hiki jamii hiyo ni makazi mengine.

Kimyanga kilitambuliwa mwaka 1966 karibu na Kisumu, Kenya. Ulinganisho wa jeni za sampuli kutoka sehemu nyingi za Afrika, hata hivyo, unaelekeza chimbuko lake kwenye Milima ya Tao la Mashariki, Tanzania, karibu katikati ya karne ya 19.

Kirusi chenyewe ni kidogo mno: uzi wa RNA wenye herufi zisizofika 4,500. Sehemu kubwa ya protini zake haivumilii mchezo, kwani karibu kila badiliko huleta hasara na hufutwa. Watafiti hulijua hilo kwa kulinganisha mabadiliko ya jeni yanayogeuza asidi amino na yale yasiyoigeuza. Ya kwanza yakiwa machache kuliko inavyotarajiwa, uteuzi unasafisha. Ni nafasi chache tu ambako mambo huenda kinyume.

Mojawapo ni nafasi ya 48 ya protini iitwayo VPg, iliyoshikamana na ncha ya RNA ya kirusi. VPg lazima ikamate protini ya mpunga, eIF(iso)4G1, ambayo kazi yake halisi ni kusaidia seli kuanza kutengeneza protini zake. Gigante, mpunga wa Msumbiji, una kinga kwa sababu katika nafasi ya 309 ya protini hiyo asidi ya glutamiki yenye chaji hasi imepisha lisini yenye chaji chanya. Kirusi hakipati pa kushika. Lakini baadhi ya virusi vimeivunja kinga hiyo: katika nafasi ya 48 ajinini, yenye chaji chanya, hugeuka glisini, kisha asidi ya glutamiki. Chaji zimebadilishana pande, na mshiko umerudi.

Mpunga wa Kiafrika, *Oryza glaberrima*, ulifikia kinga kwa mabadiliko mengine katika jeni ileile. Pilipili, njegere na shayiri nazo hujikinga na virusi vya aina nyingine kupitia protini za kundi hilohilo la kuanzisha utengenezaji, ingawa mimea hiyo haina ujamaa wa karibu na mpunga, isipokuwa shayiri.

Kwa kuwa kirusi huweza kuivunja kinga, wazalishaji wa mbegu huona ni hatari kutegemea badiliko moja pekee. Shambani, kimyanga hakisafiri kwa mbegu. Hubebwa na mbawakawa, mifugo, mikono na zana. Ndiyo maana kung'oa mpunga pori na maotea kabla ya kuandaa vitalu ni muhimu.